Nazari na Sauti ya Nne

Usiku ule Eustaki alipokuwa chumba cha upasuaji, mwanangu Nazari alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, viatu vya matope vikiwa bado miguuni. Mimi nilikuwa ndani, simu mapajani. Tulikuwa tunangoja jambo moja, Eustaki ataamka au hataamka. Kila mtu hapa Lipangalala alijua kwamba kiboko ndiye aliyemuuma, lakini hata giza halijatulia vizuri walikuwa wameshaanza kusema kwamba aliyempeleka kwa kiboko ni Nazari.

Sikumwuliza kitu. Nilimpa chai, akakishika kikombe mpaka chai ikapoa. Mbwa wa jirani wakibweka anainua kichwa, nami nainua, kisha kila mmoja anatazama pembeni. Alikuwa amefika hospitali pamoja na wale waliombeba Eustaki, na Kandida, mke wa Eustaki, alimtoa pale kwa kumsukuma begani, bila neno, kama mtu anavyotoa kuku jikoni. Ingekuwa afadhali kama angemtukana.

Nazari ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa mchanga alilia sana, na dawa yake ilikuwa kwaya. Marehemu baba yake, Stanislaus, aliimba sauti ya nne katika kwaya ya kigango chetu. Sauti ya nne ni ile ya chini kabisa ya wanaume. Ukiisikia peke yake utadhani mtu ananung'unika, lakini ikikosekana wimbo mzima hauna pa kukanyaga. Mazoezi yalifanyika uani kwetu, na mtoto alikuwa akinyamaza mara tu baba yake anapoanza. Pembeni ya baba yake alisimama Eustaki, wa sauti ya tatu. Wawili hao walilima pamoja, wakavua pamoja, na mashamba yao ya mpunga kule bondeni, upande wa Mofu, yalikuwa jirani. Mpaka leo watoto wangu wanamwita Eustaki baba mdogo, na yeye ananiita shemeji.

Sikukuu moja ya mtakatifu msimamizi wa kigango, mwalimu wetu wa kwaya, Balbina, aliurekodi wimbo wao mmoja kwa simu yake. Hatukuona ajabu, wimbo tulikuwa nao kila Jumapili. Kisha Stanislaus akaumwa ini, akaisha taratibu, tukamzika. Picha zake tunazo. Sauti yake imebaki kwenye wimbo huo tu.

Nazari aliuomba kwa Balbina, akauweka kwenye memori kadi, akaupiga kwenye redio yetu ndogo. Tuliwasikia akina mama. Tulimsikia Eustaki akipanda juu vizuri kabisa. Stanislaus hakuwepo. Mimi nilianza kulia, na Nazari, ambaye wakati huo ndevu zilikuwa hazijaota, aliniambia kwa utulivu, "Yumo, mama. Spika ndiyo ndogo."

Hapo ndipo ilipoanzia.

Aliingia kujifunza kazi kwa Polycarp, fundi wa redio pale sokoni, kwa sababu ya hiyo spika. Alifagia, alichomea nyaya, akapewa sabufa iliyoungua, akaifufua. Siku alipoiunganisha sebuleni tukamsikia Stanislaus. Nilitoka nje nikashika ukuta. Ilikuwa kama mtu anaongea chumba cha pili wakati wewe umelala. Nilishukuru Mungu, nikaona imetosha.

Haikutosha. Nazari alisema baba anasikika lakini hasemi, maneno hayatoki. Sabufa ikabadilishwa, ikaja amplifaya na maboksi mawili makubwa yaliyoziba dirisha. Maneno yakatoka, ila yakatoka na upepo uliokuwa ukivuma siku ile, na kikohozi cha mtu, na mlio wa kiti. Akasema sasa shida ni amplifaya. Ikaja nyingine. Kila chombo kilichoingia kilimwonyesha ubaya wa kile kilichotangulia, na ubaya huo mimi sikuusikia mpaka yeye aniambie, na akishaniambia sikuweza kuacha kuusikia.

Polycarp alimtania mbele za watu, "Nazari, wewe huna ugonjwa wa muziki. Una ugonjwa wa spika."

Nazari naye akamjibu, "Ndiyo, fundi, na ndio unaokulisha."

Watu wakacheka, na mimi nilicheka, nilikuwa nimesimama pale na kikapu. Lakini niliporudi nyumbani nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Niligundua kwamba hasikilizi wimbo tena. Anapiga kipande, anasimamisha, anarudisha nyuma, anagusa kitufe, anapiga tena kilekile. Wimbo ule una beti tatu, na ubeti wa tatu ulikuwa haujasikika nyumbani kwangu kwa muda mrefu. Kwaya, alikokuwa ameshika nafasi ya baba yake, aliiacha. Balbina alikuja mwenyewe kumwomba, akasema sauti ya nne imebaki na wazee wawili na mmoja wao hana meno. Nazari alimpigia shikamoo vizuri, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba amejaribu kwenda lakini masikio yanamuuma, kwaya inaimba chini na sauti zinagongana. Balbina alimwambia, basi njoo uipandishe wewe. Alisema atakuja. Alipoondoka mgeni, akarudi kwenye vitufe vyake.

Hakuwa mvivu, hilo naomba lieleweke. Shamba la baba yake alilishika. Msimu wa mpunga kuiva alihamia bondeni kama watu wote, akakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mwaka juzi alikwenda na betri, sola na spika moja ya honi, akaifunga juu ya mti. Alipiga muziki wa vijana kwa sauti ambayo ilitisha ndege mpaka wa mashamba ya jirani. Watu walimsifu. Waliokuwa na watoto wa kuamia wakawarudisha shule. Mtu mmoja, Teofili, ambaye shamba lake linagusa mto, alisema Nazari amewaletea ukombozi, na akalitoboa debe lake akapandia mchicha.

Mimi hilo la debe lilinikaa vibaya. Bondeni kwetu hakuna uzio. Mtu akiona kiboko au tembo anaingia mashambani, anapiga debe. Anayemsikia anapiga la kwake, na wa mbele yake hivyohivyo, mpaka mlio ufike shamba la mwisho. Tunasema debe halilali kwa mtu. Uwe unaumwa, uwe umegombana na jirani asubuhi ileile kwa sababu ya mpaka, unapiga. Nilimwambia Nazari kwamba honi ile inafunika madebe. Akasema, "Mama, wakiona mnyama watanipigia simu." Kule simu inashika ukipanda juu ya kichuguu.

Mwaka huu alikwenda na kitu kingine. Alikuwa ameachana na maboksi makubwa, amepata hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio yote, na kisanduku cha vitufe vingi cha kuongeza na kupunguza sauti. Alinivalisha siku moja. Nilipovaa nyumba yote ilizimika. Sikusikia kuku, sikusikia barabara, hata pumzi yangu niliisikia kwa ndani kama niko kisimani. Nikazivua haraka. Alidhani nimeguswa na wimbo.

Alfajiri ya usiku ule wa kungoja, mwenyewe alinieleza yaliyotokea. Alizungumza akiwa amenipa mgongo.

Jioni ile honi ilikuwa juu ya mti ikifukuza ndege, na yeye alikuwa ndani ya dungu na hedifoni zake. Teofili aliona kiboko akitoka kwenye matete. Hakuwa na debe, akapiga sufuria, akapiga na kupiga. Kati ya Teofili na Eustaki kuna shamba letu. Eustaki asingeweza kuisikia sufuria ya Teofili kwa sababu ya umbali na honi, alitegemea apigiwe na Nazari. Hakupigiwa. Akateremka na kijia cha majini kwenda kutazama mgono wake wa kutegea samaki, kama afanyavyo kila jioni, na kwenye kijia hicho watu wawili hawapishani, sembuse mtu na kiboko.

"Nilikuwa nimempata, mama," Nazari akasema.

"Nani?"

"Baba. Peke yake. Akina mama nilishawapunguza siku nyingi. Aliyebaki kumfunika alikuwa baba mdogo, kila baba akianza yeye yuko juu yake. Jioni ile nikampunguza mpaka akaisha. Nikasikia baba anavuta pumzi kabla ya kuimba. Nilipozivua, nikasikia makelele."

Nilikwenda nikamvua viatu, kama nilivyokuwa nikimvua zamani.

Jua lilipotoka Paulina akapiga simu. Ni mdogo wangu, nilimtuma akae hospitali kwa niaba yetu kwa kuwa sisi hatukutakiwa. Alisema Eustaki ameamka, mguu umekatwa juu ya goti. Alisema pia kwamba Kandida, alipoulizwa kama ana neno kwetu, alijibu tu kwamba mpunga wao unaliwa na ndege.

Nilielewa. Kwa desturi ya bondeni, aliyelaza debe huamia shamba la aliyeumia, akavuna, akapura, akapeleka magunia mpaka mlangoni, na mzazi wake akiwa mbele. Mlango ukifunguliwa, yamekwisha, na hakuna atakayeyarudia hata kwenye pombe. Usipofunguliwa, mtu huyo bondeni hana lake tena. Hakuna anayemfukuza. Ila jirani wa kulia anahama, jirani wa kushoto anahama, unabaki na mto. Mtu hawezi kulala peke yake kule. Alijaribu mmoja nilipokuwa msichana, na wazee mpaka leo hawapendi kulitaja jina lake.

Basi tukaenda bondeni, mimi na Nazari. Aliishusha honi siku ileile, vyombo vyote akavifunga kwenye turubai, akavituma nyumbani. Alisimama kwenye dungu la Eustaki tangu kungali giza, akipiga debe na kupiga kelele kwa mdomo wake. Wengine walipita njiani bila kutusalimia. Teofili, ambaye mchicha wake ulikuwa umeota vizuri kwenye debe, alipita ameinamisha kichwa. Sikumsema. Wote walikuwa wamemtundikia mwanangu madebe yao shingoni, na sasa kila mmoja alikuwa amepata debe jipya.

Siku moja nilikuwa nakata mpunga chini nikamsikia akifukuza ndege, nikashtuka nikasimama. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele, imeshuka. Ilikuwa ya Stanislaus, ileile. Jioni nilimwambia. Nilimwambia baba unayemtafuta kwenye spika nimemsikia leo kooni mwako, rudi kwaya, Balbina anakungoja.

Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Hapana, mama. Yangu iko juu kidogo."

Tukala. Moto ulikuwa unafuka. Baadaye, kama mtu aliyekuwa akilibeba jambo siku nzima, akaniambia kwamba ziko hedifoni za aina nyingine. Hizo zinaacha sauti za nje ziingie. Unasikia wimbo, na mtu akikuita unamsikia. Polycarp anamjua mtu Dar es Salaam anayeziuza. "Ningekuwa na hizo," akasema, "debe ningelisikia."

Viboko walikuwa wanakoroma mtoni, si mbali. Sikuwaogopa. Nilimwogopa yeye, huyu kijana mpole anayenichotea maji, aliyekaa na kijiko mkononi akinieleza hayo kwa upole kabisa, kama anayenieleza dawa ya jino.

"Nazari," nilimwambia, "kuna mtu amelazwa hana mguu. Maneno hayo usiyaseme mbele ya mtu mwingine yeyote."

"Sawa, mama."

"Na usiyafanye."

Akaitikia kwa kichwa. Nami nikachukua kule kuitikia nikakuweka moyoni, nikalala. Siku zilizobaki nilimchunguza. Hakushika simu kuliko kawaida, hakukaa kimya kuliko kawaida. Alivuna shamba la Eustaki lote kabla ya kugusa letu, ambalo ndege walikuwa wameshalimaliza nusu. Mikono yake ilichanika. Alipura, akapepeta, akashona midomo ya magunia mwenyewe, na lile ambalo halikujaa sawasawa alilijazia kwa mpunga wetu. Nilianza kuwa na matumaini, na matumaini ndiyo yanayonitisha siku zote, maana yakija mimi hupunguza kutazama.

Eustaki alikuwa ameruhusiwa. Tulimpa siku kadhaa apumzike, kisha tukapakia magunia kwenye guta, tukatembea nyuma yake mpaka kwake, ambako ni nyumba chache tu kutoka kwetu. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Watu walitoka kwenye vibaraza kututazama. Polycarp alikuwepo kwenye kibanda cha jirani, amekaa na soda, na aliponiona alitazama chini, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni heshima.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Niliona mwanga wa ndani kwenye ufa. Jikoni kulikuwa na moshi, na harufu ya samaki. Nazari aliyashusha magunia mwenyewe, akayapanga kando ya mlango, akavua kofia, akasimama nyuma yangu.

"Hodi," nikasema.

Mazungumzo ya ndani yakakatika.

"Hodi humu ndani. Ni mimi, Mama Nazari. Nimekuja na mtoto wako."

Kitu kiligonga sakafu, mara moja, kisha tena. Nilijua ni gongo. Lilikuja mpaka karibu na mlango, likasimama. Nilisikia Eustaki akihema. Nikamgeukia Nazari nikamwonyesha kwa macho.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Shikamoo, mama mdogo."

Hakuna aliyeitikia. Katika maisha yangu sijawahi kusikia shikamoo ikiachwa chini hivyo. Kisha Kandida akaongea, karibu sana, nadhani alikuwa ameegemea mlango wenyewe.

"Mama Nazari, magunia nimeyaona. Ahsante. Sasa mwulize mwanao, zile nyingine zimeshafika?"

Sikuelewa. Naapa, kwa sekunde ile sikuelewa, nilidhani anauliza gunia. Nikageuka nimwulize Nazari ni nyingine zipi, nikamwona Polycarp kule kibandani anainuka anaingia ndani, na nikaelewa yote kwa pamoja, kwamba aliziagiza zile hedifoni, kwamba sokoni wamecheka, na kwamba kicheko kilikuwa kimefika kwa Kandida wakati yuko hospitali anamgeuza mumewe kitandani.

Nilimtazama mwanangu. Angeweza kudanganya. Mimi ningemsaidia, neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini Nazari hakuzoea kudanganya.

"Nimeziagiza, mama mdogo," akasema. "Bado hazijafika."

Gongo likasogea. Nilimsikia Eustaki akisema kitu kwa chini, maneno mawili au matatu, sikuyashika. Kandida hakumjibu. Kisha chuma kikasugua mbao, ule mlio wa komeo, nami nikarekebisha kitenge, nikasogea nikiweka uso wangu vizuri ili wakifungua wanikute nimeinamisha kichwa.

"Mama," Nazari akasema.

Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

"Mama, wamefunga. Hicho ni cha kufunga."

Sikumwamini. Niliweka kiganja changu kwenye mbao nikasukuma, kidogo tu, kama mtu anavyosukuma mlango ambao anajua uko wazi. Haukutikisika.